Tafiti zote zilimpa Obama New Hampshire, Clinton akashinda

Tarehe 8 Januari 2008, Jumanne, ungepata tabu kumpata mchambuzi wa siasa za Marekani mwenye shaka kuhusu nani angeshinda mchujo wa chama cha Democratic, yaani kura ya kumtafuta mgombea urais wa chama, huko New Hampshire. Siku tano kabla, Barack Obama alikuwa amechukua jimbo la Iowa kwa karibu asilimia 38, huku John Edwards na Hillary Clinton wakibanana nyuma yake, mmoja kwenye 30 na mwingine kwenye 29. Tafiti za maoni zilizotoka baada ya hapo zilikuwa kana kwamba zimenakiliana. Gallup na USA Today: Obama mbele kwa pointi 13. Zogby: 13. CNN pamoja na Chuo Kikuu cha New Hampshire: 9. CBS: 7. Ukijumlisha tafiti zote za siku hizo, si hizi nne tu, na kuzigawa, Obama alikuwa mbele kwa pointi 8 hivi.

Usiku kura zikahesabiwa. Clinton asilimia 39.1, Obama 36.5.

Kenya wakati huo ilikuwa katikati ya ghasia zilizofuata uchaguzi wake wa Desemba 2007, na watu walikuwa na mambo mazito zaidi ya kufuatilia kuliko kura za jimbo dogo lenye theluji. Hata hivyo jina la mtoto wa Mjaluo lilipenya katika habari, na wengi waliolisikia siku hizo walidhani safari yake imeishia pale. Hotuba ile ya "ndiyo, tunaweza" inayokumbukwa mpaka leo kama ya ushindi, Obama aliitoa usiku huohuo, baada ya kushindwa.

Ninaurudia usiku huo kwa sababu ni michujo michache ya majimbo iliyochunguzwa kwa makini kama huo. Chama cha watafiti wa maoni ya umma cha Marekani, AAPOR, kiliunda kamati chini ya Michael Traugott wa Chuo Kikuu cha Michigan, ikapewa kazi ya kutafuta kilichoharibika, na ripoti yake ilitoka mwaka 2009. Baadhi ya mashirika yalisuasua kukabidhi takwimu zao, jambo ambalo lenyewe linasema kitu. Ila palipopatikana takwimu, pameonekana waziwazi jambo ambalo magazeti hayaliandiki chini ya jedwali: kile kinachoitwa kiwango cha makosa, yaani ile "asilimia 4 juu au chini" tunayosomewa, kinapima kosa la aina moja tu. Katika mchujo, mara nyingi hilo ndilo kosa dogo kuliko yote.

Tuanze na hicho kiwango chenyewe. Ukihoji watu 600 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kiwango cha makosa ni pointi 4. Msomaji akiona Obama 39 na Clinton 30, anaona tofauti ya 9, anailinganisha na 4, anafunga hesabu. Lakini hiyo 4 ni ya kila mgombea peke yake. Obama akipungua, kuna uwezekano mkubwa Clinton ndiye ameongezeka, kwa hiyo pengo kati yao linayumba zaidi. Kwa namba hizo, kiwango cha makosa cha pengo ni kama pointi 6.6. Maana yake pengo la kweli lingeweza kuwa popote kati ya 2 na nusu hivi na 15 na zaidi. Utafiti ulioonekana kama umetoa hukumu ulikuwa umesema tu kwamba Obama huenda anaongoza, kwa kidogo au kwa kingi.

Hata hivyo bahati mbaya ya sampuli, yaani ya watu waliochaguliwa kuhojiwa, haitoshi kueleza yaliyotokea. Bahati nasibu haina upendeleo: leo inamzidishia huyu, kesho inamzidishia yule. Tafiti kumi zilizofanywa na mashirika tofauti zikikosea zote upande mmoja, si bahati tena. Kuna kitu zote zilikuwa zinashiriki.

Washukiwa walikuwa wengi, na wa kwanza kutajwa, usiku uleule, alikuwa rangi. Mwaka 1982 Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles, aliongoza katika tafiti za kuwania ugavana wa California kisha akashindwa. Tangu hapo ikazaliwa nadharia kwamba wapiga kura wazungu humwambia mhoji kuwa watamchagua mgombea mweusi ili wasionekane wabaguzi, halafu ndani ya kibanda cha kura wakafanya lingine. New Hampshire ina wazungu wengi mno, kwa hiyo nadharia ilitoshea kama nguo ya kushonesha. Tatizo ni kwamba Iowa nayo ina wazungu wengi na haikutokea hivyo. Tena ukiangalia namba, tafiti zilimpa Obama wastani wa 38 na akapata 36.5, kwake zilikuwa karibu sana. Zilimpa Clinton 30 na akapata 39. Aliyepimwa vibaya ni Clinton. Kamati ya AAPOR iliona dalili ndogo kwamba rangi ya mhoji iliathiri majibu, lakini haikupata ushahidi wa kutosha kuibebesha rangi mzigo wote. Na siku 18 baadaye, South Carolina, kosa likageuka upande: tafiti zilimpa Obama uongozi wa pointi 12 hivi, akashinda kwa karibu 29. Kama watu walikuwa wanadanganya kwa ajili ya rangi, uongo wao ulikuwa na mwelekeo wa ajabu.

Mshukiwa wa pili, uzembe wa mashirika, anaachiwa huru na ushahidi mmoja ninaoupenda sana. Jimbo lile lile, wiki ile ile, mara nyingi kwa simu zilezile, tafiti hizo zilipima pia mchujo wa Republican. Zilisema John McCain anamwongoza Mitt Romney kwa pointi chache, na McCain akashinda kwa 37 dhidi ya 32. Kazi ya kupiga simu na kuuliza maswali haikuwa ya hovyo. Kilichoharibika kilikuwa upande wa Democratic.

Hapo inabidi tueleze mchujo ni mnyama gani. Mwezi Novemba mpiga kura wa Marekani anakwenda na chama chake kichwani, na wengi wao ungeweza kutabiri kura yao miaka miwili kabla. Kwenye mchujo wote ni wa chama kimoja. Clinton na Obama walitofautiana juu ya vita vya Iraq, ambavyo Clinton aliviidhinisha kwa kura yake kwenye Seneti mwaka 2002, lakini katika afya, kodi na elimu ungehitaji miwani kuwatenganisha. Wanachama wengi waliwapenda wote wawili. Kumwacha mmoja na kumfuata mwingine ilikuwa kama kubadilisha kiti ndani ya basi: unakokwenda hakubadiliki. Watu wanaofanya uamuzi mwepesi namna hiyo hawauwekei msimamo, na wakipigiwa simu Jumamosi watajibu la Jumamosi.

New Hampshire inaongeza ugumu wake. Karibu wapiga kura wanne kati ya kumi walioandikishwa hawajajitangaza kuwa wa chama chochote, na sheria inawaruhusu waamue siku hiyohiyo kituoni kama watachukua karatasi ya Democratic au ya Republican. Mtu asiyejiandikisha anaweza pia kujiandikisha siku ya kura. Sasa fikiria kazi ya mtafiti. Lazima akisie mambo matatu kwa mpigo: huyu atakwenda kweli? Akienda, atachukua karatasi ya chama gani? Na hapo ndipo lije swali la mgombea. Mwaka 2008 McCain na Obama waliwania kundi hilohilo la wasio na chama, na aliyehamia kwa McCain asubuhi ile alikuwa anamwondolea Obama kura bila hata kumpenda Clinton.

Kukisia nani atakwenda kupiga kura ni kazi ambayo mashirika hufanya kwa maswali ya kuchuja: Ulipiga kura mara iliyopita? Unajua kituo chako kiko wapi? Una hamu kiasi gani? Wanaopata alama nyingi wanahesabiwa kuwa wapiga kura wa kweli, waliobaki wanaondolewa au wanapunguzwa uzito. Sasa uliza swali la hamu siku mbili baada ya mgombea wako kushinda Iowa na sura yake kuwa kwenye kila televisheni. Mfuasi wa Obama anajibu kwa furaha. Mfuasi wa Clinton, aliyekata tamaa wikendi hiyo, anasema hajui kama ataenda. Shajara ya hisia za wikendi moja inageuzwa kuwa orodha ya wapiga kura wa Jumanne.

Halafu kuna muda. Tafiti nyingi zilifunga simu Jumapili. Jumatatu asubuhi, kwenye mkahawa mmoja mjini Portsmouth, mwanamke mmoja alimuuliza Clinton anawezaje kuhimili yote hayo, na sauti ya Clinton ikatikisika, macho yakalowa. Video ilizunguka nchi nzima siku hiyo. Jumamosi usiku, kwenye mdahalo wa chuo cha Saint Anselm, Obama alikuwa amemwambia kwa ubaridi kwamba anapendeka vya kutosha, na wanawake wengi hawakulipenda neno hilo. Iowa wanawake walimpa Obama kura nyingi kuliko Clinton; New Hampshire walimrudia Clinton kwa tofauti ya zaidi ya pointi kumi, nao walikuwa zaidi ya nusu ya wapiga kura. Sitasema machozi yalishinda uchaguzi, ingawa waandishi wengi waliandika hivyo kwa wiki nzima. Waliohojiwa wakitoka vituoni na kusema waliamua siku ya mwisho hawakuegemea kwa Clinton kwa wingi wa kutosha kufuta pengo la pointi 8. Muda ulieleza sehemu, si yote.

Sehemu nyingine ni ya watu wasiopokea simu, na hapa ndipo pana utamu kwa anayependa kujua mambo yanavyofanya kazi. Kamati ilikuta kwamba waliopatikana kwa urahisi, simu ya kwanza au ya pili, walimpendelea Obama kuliko waliopatikana baada ya kutafutwa mara nyingi. Kampeni ya siku tano haimpi mtafiti nafasi ya kutafuta mtu mara nyingi. Pia waliokosekana zaidi katika sampuli walikuwa watu wenye elimu ndogo zaidi na familia za wanachama wa vyama vya wafanyakazi, ambao wengi walikuwa wa Clinton.

Tuone kwa namba za kubuni jinsi hilo linavyogeuza matokeo. Tuseme katika jimbo nusu ya wapiga kura wana shahada na nusu hawana. Wasio na shahada wanampa Clinton 44 na Obama 30. Wenye shahada wanampa Obama 42 na Clinton 30. Jimbo lote kwa jumla: Clinton 37, Obama 36. Sasa simu zinapigwa, na kwa kuwa wenye shahada wanapokea zaidi, sampuli yako inakuwa na asilimia 65 ya wenye shahada na 35 tu ya wasio nayo. Hesabu inakuletea Obama karibu 38, Clinton 35. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyebadili mawazo. Kila aliyejibu alisema ukweli, na utafiti umemtangaza mshindi asiye sahihi. Na ukihoji watu 10,000 badala ya 600, kiwango cha makosa kitapungua hadi pointi 1 na jibu litabaki kuwa lilelile, ila sasa kwa kujiamini zaidi.

Dawa yake ni kupima uzito: kila mtu asiye na shahada anahesabiwa kama mtu mmoja na nusu hivi, mwenye shahada kama robo tatu, mpaka sampuli ifanane na jimbo. Karibu mashirika yote hufanya hivyo kwa jinsia na umri. Kwa elimu, si wote walifanya, na upungufu huo uliwarudi tena Novemba 2016 katika majimbo ya Michigan, Wisconsin na Pennsylvania. Lakini katika mchujo dawa yenyewe ina shida: ili upime uzito lazima ujue sura ya wapiga kura watakaojitokeza, na sura hiyo huijui mpaka wajitokeze.

Lipo pia jambo dogo ambalo watu hulicheka wakilisikia mara ya kwanza, na mimi nilicheka. Karatasi ya kura ya Democratic ilikuwa na majina zaidi ya ishirini. Zamani New Hampshire ilikuwa inabadilisha mpangilio wa majina kati ya kituo na kituo. Mwaka 2008 ilitumika alfabeti iliyoanzia kwenye herufi iliyotolewa kwa bahati nasibu, mpangilio mmoja jimbo zima. Ilitoka Z, na baada ya Z orodha inarudi A. Kwa hiyo Joe Biden, naye mgombea, akaja juu, Clinton akafuata karibu na juu, na Obama akawa huko chini. Jon Krosnick wa Stanford, aliyechunguza mpangilio wa majina kwa miaka mingi, alikadiria kwamba hilo peke yake lilimpa Clinton nafuu ya pointi 3 hivi. Hakuna utafiti wa simu unaoweza kupima jambo hilo, kwa sababu kwenye simu mhoji husoma majina kwa zamu zinazobadilika, ili awe mwadilifu.

Ukichanganya yote, pointi 8 zinapata maelezo yake kipande kwa kipande, na hakuna kipande kimoja kilichotosha.

Miaka minane baadaye Clinton mwenyewe akaonja upande wa pili. Machi 2016, mchujo wa Michigan, wastani wa tafiti ulimweka mbele ya Bernie Sanders kwa pointi 21, na tovuti ya utabiri ya FiveThirtyEight ikampa zaidi ya asilimia 99 za kushinda. Sanders akashinda, 49.7 kwa 48.3. Sababu hazikuwa zilezile. Baadhi ya tafiti zilipigwa kwa simu za mezani tu, maana sheria ya Marekani inazuia mashine kupiga simu za mkononi bila ridhaa, na vijana wa chini ya miaka 30, ambao wanne kati ya watano walikuwa wa Sanders, simu ya mezani wengi hawana. Pia hapakuwa na mchujo wa zamani wa kujifunzia. Mwaka 2008 Michigan iliitisha kura mapema kuliko chama kilivyoruhusu, Obama na Edwards wakaondoa majina yao, na Clinton akabaki kushindana hasa na kisanduku cha "sijaamua", kilichopata asilimia 40. Aliyetaka kujua wapiga kura wa Democratic wa Michigan wana sura gani alikuwa na picha iliyoharibika.

Kwa jumla, ukipima tafiti za wiki tatu za mwisho, kosa la wastani la pengo katika michujo ya urais ni karibu mara mbili ya lile la uchaguzi wa Novemba. Na kila mwaka watu wanaopokea simu wanapungua: shirika la Pew lilipata majibu kwa asilimia 36 ya simu zake mwaka 1997, na 6 tu mwaka 2018. Leo sehemu kubwa ya kazi imehamia intaneti, na maswali ya nani anajitokeza kujibu yamehamia huko pamoja nayo.

Kwa hiyo msomaji akiletewa utafiti wa mchujo wenye ushindani mkali, mimi ningemwambia asianzie kwenye jina la anayeongoza. Aanze na tarehe za mahojiano, kwa sababu tarehe ya kuchapishwa inaweza kuwa siku tatu baada ya simu ya mwisho. Kisha atafute idadi ya wasioamua, na ya wale wanaosema wanaweza kubadili mawazo. Ikiwa jumla yao inazidi pengo, pengo halina nguvu. Kisha aulize ni akina nani wamehesabiwa kuwa wapiga kura, na kwa maswali gani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu tafiti za uchaguzi inalazimisha mengi ya haya yachapishwe pamoja na matokeo, pamoja na jina la aliyelipia kazi, na inakataza kuchapisha katika siku tano za mwisho kabla ya kura. Katazo hilo silipendi sana. Kati ya Iowa na New Hampshire mwaka 2008 zilikuwepo siku tano tu, na hizo ndizo zilizobeba habari zote.

Na asidanganywe na wingi wa tafiti zinazokubaliana. Wiki ile, aliyeonekana kuachwa nyuma na wenzake alikuwa Chuo Kikuu cha Suffolk, kilichompa Obama uongozi wa pointi 5 tu wakati wengine wakisema 9 na 13. Kilikuwa miongoni mwa wachache walioendelea kupiga simu hadi Jumatatu.